Maswali ya Wasomaji: "Haya mjomba" haitoshi

SWALI: Assalaam alaykum. Nilimwandikia mpwa wangu aliye shamba: "Kesho lete magunia, gari ipo." Akajibu: "Haya mjomba." Asubuhi kaja Wete na magunia kumi matupu, karafuu kavu kaziacha ghalani, na gari nishailipa. Mimi nasema kijana hasikilizi. Mamake anasema mimi ndiye nisiyesema. Kosa liko wapi?
*Msomaji, Wete*

JIBU: Waalaykumu salaam. Dada yako ana haki kwa sehemu kubwa.

Anayetaka kusema huwa na wazo, akaligeuza maneno, maneno yakapita njia fulani, na mpokeaji akayageuza tena yawe wazo. Mmarekani Claude Shannon aliuchora mwendo huu mwaka 1948. Yeye alikuwa akishughulika na ishara za simu, kwa hiyo alichokihofia ni kelele za njiani. Kwako njia ilikuwa nzima, kila herufi ilifika. Kilichoharibika ni kule kugeuza. Wilbur Schramm alilieleza hilo mwaka 1954: watu hufahamiana pale tu wanayoyajua yanapokutana. Wewe ulikuwa unawaza kituo cha kuuzia, na kwako "magunia" ni mzigo. Kama uani kwako nako kuna karafuu juu ya majamvi, kijana ana sababu ya kudhani unataka vya kutilia. Maneno yako yalibeba maana zote mbili.

Ujumbe wako ulikosa mambo matatu: magunia ya nini, mangapi, yashushwe wapi. Hukuyaandika kwa sababu yalikuwa wazi kichwani mwako, na hilo ndilo kosa linalowapata hasa watu waliozoeana. Andika hivi: "Kesho Jumanne saa 2 asubuhi, pakia magunia 10 ya karafuu kavu yaliyomo ghalani, uyashushe kituoni Wete." Neno "asubuhi" usiliache, maana simu ya kijana huenda inasoma 08:00. Na fedha ziandike kwa tarakimu: "elfu kumi na tano" mmoja husikia 15,000, mwengine 10,005.

Sehemu ya pili ni mrejesho, na hapa ndipo tunapokuomba ukae zaidi. "Haya mjomba" imekuthibitishia mawili: ujumbe umefika, na kijana ana adabu. Haikukwambia amefahamu nini. Alama mbili za buluu za WhatsApp nazo zinasema tu kwamba ujumbe umefunguliwa. Na ukimuuliza "umefahamu?", kijana aliyelelewa vizuri ana jibu moja tu kwa mjomba wake. Muulize: "Hebu nambie utapakia nini na utashusha wapi." Akijibu "magunia matupu", umeligundua kosa kabla ya gari kulipwa. Usimrudishie maneno yale yale kwa ukali. Badilisha maneno, kisha umsikilize tena.

Melini jambo hili ni amri. Nahodha akisema "kulia kumi", yaani digrii kumi upande wa kulia, mshika usukani hurudia "kulia kumi", akageuza, kisha akatoa taarifa kwamba usukani umefika. Hakuna anayeona amedharauliwa kwa kurudiwa maneno yake. Kijana naye ana lake: alipaswa kuuliza. Lakini mlango wa kuuliza hufunguliwa na mkubwa.

SWALI: Nilivaa kanga yenye jina "Hasidi hana sababu" kwenda kazini. Mwenzangu mmoja kanuna tangu siku ile, wala mimi sikumkusudia. Nifanyeje?
*Bi. M., Unguja*

JIBU: Kanga husema bila kutaja anayeambiwa, na hiyo ndiyo nguvu ya fumbo. Anayelisoma hulijaza kwa yaliyomo moyoni mwake. Kama mlikuwa na neno kabla, amejiona yeye. Tena kanga haina njia ya kurudisha swali: hawezi kukuuliza bila kukiri kwamba limemgusa. Basi badilisha njia. Mwendee mwenyewe, faraghani, useme kwa mdomo kwamba hukumkusudia. Usimtume mtu, na usivae kanga nyengine ya kujibu.

SWALI: Kwenye semina tuliambiwa asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti, maneno ni 7 tu. Ni kweli?
*Mhudumu wa afya wa kujitolea, Chake Chake*

JIBU: Si kweli kwa jinsi mlivyoambiwa. Takwimu zinatokana na uchunguzi wa Albert Mehrabian na wenzake, mwaka 1967, juu ya jambo jembamba: neno moja likipingana na sauti au na uso wa msemaji, msikilizaji anaamini kipi kuhusu hisia zake? Hapo ndipo zilipotoka 7 za neno, 38 za sauti na 55 za uso. Hazihusu maelekezo.

Chukua mfano wa mama unayemwelekeza juu ya ORS, yaani dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha: pakiti ya lita moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi, na kilichobaki baada ya saa 24 humwagwa. Hayo uso hauwezi kuyasema. Uso na sauti vinafanya kazi nyengine: ukizungumza huku unatazama simu, mama hatathubutu kuuliza. Kwa hiyo mtazame, sema vipimo, kisha mwambie akuoneshe chupa atakayopimia. Ikiwa ni ya lita moja na nusu na akaijaza, dawa itakuwa nyepesi mno. Iwekeni alama ya lita moja pamoja kabla hujaondoka.