Mbegu ichague mahindi yakiwa bado yamesimama

Masika ya kwanza nlipanda PH4, mbegu chotara ya mahindi ya dukani, kipande cha robo tatu ekari kule Mtwapa, pwani ya Kenya, na wallahi yale mahindi yalipendeza, yamelingana kimo utadhani yamepimwa na kamba, kila bua limebeba. Nikasema basi mbegu nshapata. Nikachagua mahindi makubwa makubwa pale stoo, nikapukuchua nikaweka, mwaka wa pili sikwenda agroveti. Kilichoota kilikuwa vurugu tupu: hapa bua lakupita kichwa na halina kitu, hapa kifupi, hapa limebeba hindi lina mapengo, haya yashatoa mbelewele, lile ua la kileleni lenye unga, yale bado. Mbolea ni ile ile, palizi mara mbili, mvua ilikuwa nzuri. Mimi na mama watoto tulikaa pale ukingoni hatuna la kusema, manake ada ya shule tulikuwa tushaipigia hesabu humo.

Shida haikuwa udongo, ilikuwa mbegu. Chotara ni mtoto wa ndoa. Wataalamu wanachukua ukoo mmoja wa mahindi wanauzalisha wenyewe kwa wenyewe, yaani unga wa mbelewele wa bua unamwagiwa nywele za bua hilo hilo, vizazi sita saba hivi, mpaka mimea yote inafanana kama pacha lakini imedhoofika, halafu wanauoza na ukoo mwengine uliofanyiwa vivyo hivyo, na mistari ya kike inang'olewa mbelewele kabla hazijamwaga ili baba awe mmoja tu. Mtoto anayezaliwa ana nguvu kuwapita wazazi wote wawili. George Shull kule Marekani aliandika mambo haya tangu 1908. Lakini hiyo nguvu ni ya mtoto, si ya mjukuu. Ukipanda tena, ndugu wanaoana na ndugu, na kwa chotara ya koo mbili nusu ya ile nguvu ya ziada inapotea msimu mmoja tu, hata ungechagua hindi kubwa namna gani.

Kwa hivyo ukitaka chotara, nunua kila msimu, na nunua ya pwani. PH1 ilitoka 1989, PH4 1995, zimetengenezwa kwa ajili ya joto letu hili. Usiletewe H614 na jamaa yako wa Kitale, ile ni ya kwenye baridi, yakaa shambani miezi mingi na mvua yetu haiingoji. Pia ukwangue ile stika ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, kwenye pakiti utume namba kwa 1393 kabla hujatoka dukani.

Kama pesa ya kununua kila mwaka haiko, na wengi wetu haiko, panda Coast Composite, ile ya 1974, ama mdzihana ya wazee wa Kigiriama. Hizi zimezoea kuchanganyika zenyewe kwa zenyewe, ukiweka mbegu hazianguki vile. Na hapa ndipo unaweza kuziboresha mwenyewe, na hapa ndipo wengi tunakosea, tunachagua mbegu stoo. Stoo huoni bua. Hindi kubwa laweza kuwa limetoka kwa bua lililoanguka, ama lililokuwa pembeni pa shamba, ama karibu na shimo ambalo halikuota, likala chakula cha wawili. Huo ukubwa ni wa nafasi, hautarithiwa.

Mimi sasa naingia shambani mara mbili. Ya kwanza ni kabla mbelewele hazijamwaga unga: kila bua dhaifu, lenye ile milia ya njano kwenye majani, ama lililotobolewa na mdudu, nalikata mbelewele palepale. Halitakuwa baba wa mtu. Usiruke hii, manake ukichagua mama peke yake umefanya nusu ya kazi, na huyo baba mbaya ashamwagia shamba zima.

Ya pili ni majani yakianza kukauka. Nagawa shamba vipande vidogo vidogo kwa macho, hatua tano kwa tano hivi, na katika kila kipande natafuta lililo bora kuliko majirani zake, si lililo bora shamba zima. Vile hata kile kipande cha mchanga mtupu kinatoa mbegu yake. Naangalia bua lililozungukwa na wenziwe pande zote na bado limebeba vizuri, limesimama imara na upepo huu wote wa kusi, hindi limekaa katikati ya bua si juu sana, na maganda yamefunika ncha kabisa kabisa. Hiyo ya ncha kwetu pwani ni muhimu kushinda ukubwa, manake pale ndipo maji na fukusi, wale wadudu wa nafaka, wanapoingilia. Likinipendeza nalifunga uzi mwekundu. Mistari ya pembeni siigusi. Na nafunga mengi, mia mbili ikiwezekana, ukichukua kumi kwa sababu ni mazuri mno baada ya misimu michache ni ndugu watupu tena na yanadhoofika.

Jirani akipanda aina nyengine hapo karibu, mita mia mbili zinatosha, ama mpishane wiki tatu nne za kupanda. Shamba langu halina huo umbali kwa hivyo twaongea tu, yeye hutangulia.

Kuhifadhi sitasema mengi. Mahindi ya mbegu nayaanika peke yake, napukuchua zile za katikati ya hindi, na kujua zimekauka natia punje kidogo na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo natikisa, chumvi ikiganda kwenye kioo bado. Nyanya alikuwa anayaning'iniza juu ya jiko moshi uyapate, mdudu dumuzi hakuyagusa.

Huu ni msimu wangu wa nne. PH4 nzuri bado inanipita kwa uzito, sifichi. Lakini mwaka huu kusi ilipovuma mabua yaliyolala niliyahesabu kwa vidole, na karibu yote niliyovuna ncha zilikuwa zimefungwa.