Swali la lugha: Je, ni maigizo, mwigo au uigaji? Na huku "kuzamishwa" ni kufanywa nini?

Swali limetoka Kisumu, kwa muuguzi anayefundisha wanafunzi wa uuguzi na ukunga. Ameandika hivi:

"Nimepata nafasi ya kusomea shahada ya pili katika chuo kimoja cha Uingereza, kwa njia ya mtandao, huku nikiendelea na kazi yangu. Somo lenyewe ni kufundisha kwa simulesheni, pamoja na zile teknolojia za kuvaa miwani ukajiona uko mahali pengine, na kozi ni ya wataalamu walio kazini. Nataka kuomba mkopo wa karo kutoka kwa chama chetu cha wanawake. Sisi ni Wajaluo, Waluhya na Wakisii, kwa hiyo barua na kumbukumbu zetu zote tunaziandika kwa Kiswahili. Kaka yangu alipoona nimeandika 'uigizaji' alicheka, akasema naenda kusomea maigizo. Nikamwambia mama yangu hapa Dunga kwamba ni 'teknolojia za kuzamisha'. Akashtuka, akaniuliza: mnazamisha watu? Tafadhali nisaidie. Niseme nini?"

Dada yangu, nianze na mama, maana sikio lake halikukosea hata kidogo.

Kwa mtu wa Dunga, ambako watu huingia ziwani usiku na taa kufuata omena, kuzama si tamathali ya usemi. Ni jambo linalopigiwa simu alfajiri. Kitenzi chako, tena, umekitia katika kauli ya kutendesha: mtu huzama mwenyewe, lakini kuzamisha ni kumfanyia mwenzako. Ukasema "teknolojia za kuzamisha" ukanyamaza hapo, bila kutaja nani anazamishwa wala katika nini. Msikilizaji analazimika kuijaza nafasi hiyo mwenyewe, na mama aliijaza kwa kile anachokiona akifungua mlango: maji.

Dawa yake ni kuijaza wewe kabla hajaijaza yeye. Kiswahili kimezoea kuzama kusikoua. Twasema fulani amezama katika kitabu, amezama katika mawazo, walizama katika mazungumzo mpaka chai ikapoa. Hatari huondoka pale tunapotaja kinachomzunguka mtu. Kwa hiyo sema "teknolojia za kumzamisha mwanafunzi katika mazingira ya kuigwa". Ni ndefu, najua, lakini haimtishi mtu. Ikishaeleweka katika ukurasa wa kwanza wa barua, ifupishe: "teknolojia zamishi". Kivumishi hicho kimeundwa kwa njia ileile iliyotupa "elimishi" kutokana na elimisha na "burudishi" kutokana na burudisha. Nimeona pia watu wakiandika "teknolojia za zama". Hilo liepuke kabisa, kwa sababu "zama" hapo ni nomino nyingine, ile ya zama za kale na zama hizi, na msomaji atadhani unazungumzia vyombo vya enzi fulani.

Kuna jambo jingine katika kitenzi hiki ambalo lilinifurahisha niliposoma swali lako. Shahada unayoiendea inaitwa ya uzamili, na inayofuata ni ya uzamivu. Uzamivu unatoka katika kuzama, na uzamili nao unasikika kama nduguye. Uzamivu umefuata njia ya kawaida ya lugha: vumilia huzaa uvumilivu, tulia huzaa utulivu, zamia huzaa uzamivu. Kenya wengi huandika "uzamifu" na sitagombana nao. Ninachoomba ni kwamba uzamili usichanganywe na uzamivu, kwa sababu kila wiki nasoma tangazo linalompa mtu shahada ya uzamivu ilhali amemaliza ile iliyo chini yake. Tazama hiyo kauli ya kutendea: kuzamia. Anayezama hakutaka. Anayezamia, kama mzamia lulu, ameshuka kwa hiari, anajua anachokifuata na anatarajia kurudi nacho juu. (Siku hizi kuzamia ni pia kujificha melini, au kuingia harusini bila kadi. Maana hizo nazo zina hiari ndani yake.) Kwa hivyo "shahada ya uzamili katika teknolojia zamishi" inasikika kama mzizi mmoja uliotumika mara mbili, na kwa maana mbili zinazokaa vizuri pamoja: wewe unazamia, mwanafunzi wako anazamishwa.

Sasa kaka yako. Yeye nampa nusu ya haki.

Kuiga ni kufanya kama mwingine afanyavyo. Mtoto humwiga mama yake anavyojifunga leso, kasuku huiga sauti. Kuigiza nako hutumika wakati mwingine kwa maana hiyohiyo, "usimwigize mwalimu". Lakini kwa masikio yetu ya leo, yaani masikio yaliyopitia tamasha za drama shuleni, kuigiza ni kuiga mbele ya watazamaji, kwa ajili yao. Hapo ndipo penye tofauti unayoihitaji. Jiulize nani anatakiwa kutoka pale akiwa na kitu kipya. Kijana akiigiza mkunga jukwaani, anayefaidika ni aliyeketi kwenye kiti. Hakuna atakayemwita leba kesho yake. Mwanafunzi wako akimpulizia hewa mdoli mchanga huku saa inahesabu, watazamaji si hoja. Mikono yake ndiyo inayojifunza.

Wewe mdoli huyo unamjua kuliko mimi. Ni yule anayejazwa maji ili awe na uzito wa kichanga na alegee mkononi kama kichanga, aliyesambaa pamoja na mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua ambayo chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilianza kuyaeneza mwaka 2010. Mafunzo hayo yanaiita dakika ya kwanza ya uhai Dakika ya Dhahabu: ndani yake mtoto awe anapumua, au awe ameanza kusaidiwa kupumua. Hicho si igizo. Ni mwigo.

Na hapa nakupa maneno mawili, kila moja na kazi yake. "Uigaji" ni tendo na ni taaluma: unasomea uigaji, kama mtu anavyosomea ufundishaji au uandishi. "Mwigo", wingi "miigo", ni zoezi moja: leo asubuhi tulifanya mwigo wa mama anayetoka damu baada ya kujifungua. Mashine yenyewe iite "mtambo wa mwigo". Ndivyo ningeviita hata vile vya urubani, ambavyo ni babu wa fani yako. Edwin Link, kijana wa New York aliyelelewa katika kiwanda cha babake cha vinanda, alichukua mivukuto ileile ya kupulizia kinanda akaifanya ikiinamishe na kukiinua kiti cha rubani mwanafunzi bila kutoka chini. Hataza yake ilitolewa mwaka 1931. "Simulesheni" nayo si kosa, na wenzako hospitalini wataielewa upesi. Katika barua ya chama, hata hivyo, itabidi uieleze, na ukiieleza utajikuta unatumia kuiga. Basi anza na kuiga.

Nusu ya haki ya kaka yako ni hii. Katika fani yako kuna watu wanaoigiza kwelikweli. Mwaka 1963 daktari Howard Barrows wa Los Angeles alimfundisha mtu mzima wa afya kujifanya mgonjwa wa neva, ili wanafunzi wa udaktari wamhoji na kumpima. Mtu huyo ni "mgonjwa mwigizaji", na neno hilo limesimama sawasawa, kwa sababu yeye anaigiza na mwanafunzi aliye mbele yake anaiga. Ukiyaweka maneno hayo mawili katika sentensi moja kila moja linalinda mpaka wa mwenzake. Mwambie kaka yako hivyo, pengine atakusaidia hata kuwapata waigizaji.

Kuhusu miwani. Neno lililoenea ni "uhalisia pepe". Kuna wanaolichukia, na sababu yao ni nzuri: pepe, wakulima wa mpunga wa Ahero watakuambia, linaweza kuwa ganda lisilo na punje, lile linalopaa na upepo siku ya kupepeta. Watu hao huuliza, uhalisia ulio mtupu ni uhalisia gani? Mimi nalikubali. "Barua pepe" imekwisha kulizoesha sikio letu, na hakuna anayedhani barua pepe haina kitu ndani. Lakini litumie pale tu unapomaanisha vile vyombo vya kuvaa usoni, vilivyoanza na kofia aliyoitengeneza Ivan Sutherland, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, mwaka 1968. Nasema hivi kwa sababu naona watu wakitaja uigaji wakimaanisha miwani, kana kwamba pasipo miwani hakuna uigaji. Mdoli wa maji ni uigaji. Mgonjwa mwigizaji ni uigaji. David Gaba, daktari wa dawa za usingizi, aliandika mwaka 2004 kwamba uigaji ni mbinu, si teknolojia. Katika barua yako, basi, uigaji utangulie na teknolojia zamishi zifuate.

Hukuuliza hili, lakini litakufika ukianza kusoma, nami nimeshaliona likiharibu waraka mzima. Vitabu vyenu vitazungumzia kiasi ambacho mwigo unafanana na hali halisi, kwa neno la Kiingereza ambalo kamusi hulitafsiri "uaminifu". Niliwahi kusoma mwongozo uliosema "mdoli mwenye uaminifu wa juu". Nilisimama pale nikafikiria ndoa. Sema "ufanano": mdoli wa ufanano mkubwa, mdoli wa ufanano mdogo. Na kile kikao cha baada ya zoezi, ambacho ninyi wakufunzi mnasema ndimo mafunzo yanamoiva, kiite "mjadala wa baada ya mwigo". Kukiita "tathmini" kunawafanya wanafunzi wajiandae kupewa alama, na wakijiandaa hivyo hawatasema walipotetereka.

Umeandika pia kwamba kozi ni ya "wataalamu walio kazini". Kwa muuguzi, aliye kazini ni aliye zamu saa hii. "Wataalamu wanaofanya kazi" nako kunaacha swali la kama kuna wasiofanya. Tumia -ki- tu, kama ulivyofanya mwenyewe katika swali lako bila kufikiri: wanaosoma huku wakiendelea na kazi. Hapo hapahitaji neno jipya.

Vyeti vyenyewe wanachama wako watataka kuvielewa, kwa sababu ndivyo wanavyovikopeshea pesa. Katika mfumo wa Uingereza masomo haya hupanda kwa krediti: 60 ni astashahada ya uzamili, 120 ni stashahada ya uzamili, na 180 ndiyo shahada yenyewe ya uzamili. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma, kwa hiyo safari nzima ni saa 1,800. Waandikie hesabu hiyo. Mwanamke anayeuza samaki katika soko la Jubilee anajua saa ni nini, na atajua kwamba hauombi pesa za matembezi.

Barua ningeianza hivi: "Wanachama wenzangu, naomba mkopo wa karo ya shahada ya uzamili katika uigaji na teknolojia zamishi, nitakayoisoma huku nikiendelea na kazi. Uigaji ni namna ya kufundisha ambapo mwanafunzi hurudia kazi kwa mdoli, kwa mgonjwa mwigizaji au ndani ya wodi ya kompyuta, mpaka aiweze, kabla hajamgusa mgonjwa."

Mama msomee sentensi hiyo ya pili, kwa Dholuo ukipenda. Na akirudi kwenye lile la kuzamisha watu, mpe habari ya mdoli mkubwa wa kufundishia kufufua pumzi, yule ambaye bila shaka mnaye pale kazini. Alitengenezwa na Åsmund Lærdal, mtengeneza vidoli wa Stavanger, Norwei, akatoka mwaka 1960. Uso wake ulinakiliwa kutoka kwenye kinyago cha msichana asiyejulikana jina, ambaye masimulizi yanasema aliopolewa katika mto Seine, Paris. Na Lærdal mwenyewe, miaka michache kabla ya hapo, alikuwa amemtoa majini mwanawe wa miaka miwili, karibu amekwisha, akamkamua maji mpaka pumzi ikarudi.