Mabaki ya chumvi kali, naeza yachuja tena?

SWALI: Mhariri, nauza maji hapa Nakuru, mashine yangu ya RO (inasukuma maji kwa presha kupitia kichujio chembamba sana) inaondoa floridi, ile madini ya maji ya kisima, poa kabisa. Sasa shemeji yuko Mombasa anauliza kama itachuja mabaki, yaani maji ya chumvi kali yanayobaki baada ya kutoa maji safi kwa maji ya bahari. – Muuza maji, Nakuru

JIBU: Ndugu, hiyo mashine haiwezi. Bahari iko na kama gramu 35 za chumvi kwa lita, ukishatoa nusu ikiwa maji safi mabaki yanafika 70 hivi, na hapo pampu lazima ishinde presha ya osmosisi (nguvu ya chumvi kuvuta maji yarudi nyuma) ya zaidi ya baa 50, na pampu za mashine za kisima kawaida ni baa 10 hadi 20 tu. Mwambie aangalie nanofiltresheni, kichujio kilicho wazi kidogo kuliko cha RO, inazuia salfeti na magnesiamu nyingi, chumvi ya kawaida inapita na maji, hayo maji anaweza anika apate chumvi safi. Lakini achunge sana ukoko mweupe wa kalsiamu, ukishika membreni (hicho kichujio chenyewe) maji yanayopita yanapungua.