Usihamishe J kutoka latisi ya miraba kwenda ya pembesita bila kuigawanya

Mdogo wangu wa Mbarara, simama kwanza. Umeuliza utumie latisi (gridi ya pikseli) ipi, uende hatua ngapi, na kama laptop yako itatosha, halafu ukaongeza kwamba utaendesha modeli ya Potts ya seli, ule uigaji wa tishu ambamo kila seli ni kundi la pikseli, kwenye miraba, uhamie pembesita "kwa J zilezile", ulinganishe picha. Hilo la J, yaani nishati ya mgusano kati ya seli, ndilo litakalokumaliza. Mimi lilinila miezi mitatu, kwa sababu mkufunzi wa warsha moja hapa Kampala alituambia latisi ni suala la sura tu. Bado namkasirikia, maana alijua watu wanakwenda kuandika tasnifu kwa maneno yake.

Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Chora ukuta ulionyooka kati ya seli mbili, uhesabu jozi za pikseli jirani zinazoukatiza kwa kila pikseli moja ya urefu. Kila pikseli ikihesabu majirani 4 walio karibu zaidi, utapata jozi 1. Kwa majirani 8 utapata 3. Kwa 20 utapata 11. Pembesita yenye majirani 6 inakaribia 2. Nishati ya J hutozwa kwa kila jozi, kwa hiyo J ya 10 huwa mvutano wa 10, wa 30 au wa 110, ingawa faili linaonyesha namba ileile. Halijoto (kiasi cha mtikisiko wa bahati nasibu) na lambda ya ujazo (nguvu inayoshikilia ukubwa wa seli) zikibaki palepale, seli zitaganda au zitasinyaa hadi zitoweke, nawe utaandika kwamba tishu imebadilika tabia. Gawanya J kwa idadi ya jozi kabla ya kulinganisha chochote!

Halafu kuna mwelekeo. Kwa majirani 4, ukuta wa mshazari hugharimu asilimia 41 zaidi ya ulionyooka. Seli ya pikseli 100 ikiwa mraba wa 10 kwa 10 hulipia jozi 40. Ikiwa duara, kama 45. Ndiyo maana seli hugeuka matofali. Majirani 8 hushusha tofauti kati ya mwelekeo ghali zaidi na ulio nafuu zaidi hadi karibu asilimia 12, pembesita yenye 6 hadi 15, majirani 20 chini ya 4. Yaani miraba yenye majirani 20 inaishinda pembesita yenye 6 ambayo kila mtu anaisifia kwa kufanana na sega la nyuki.

Kwenye CompuCell3D, programu ya kuendeshea modeli hii, NeighborOrder (majirani wahesabiwe hadi umbali gani) huandikwa mahali pawili: ndani ya sehemu ya Potts na ndani ya sehemu ya Contact. Ya Potts huamua pikseli inakili kutoka kwa jirani yupi. Ya Contact ndiyo inayohesabu nishati. Watu hubadilisha ya kwanza tu, wakashangaa seli bado zina pembe. Kwenye miraba, weka 4 katika Contact, hao ndio majirani 20.

Kisha weka seli moja tu katikati ya uwanja mtupu, hatua 1000 za Monte Carlo (raundi za kujaribu kubadili pikseli kwa bahati nasibu), upime upana wake kwa mlalo na kwa mshazari. Ukikuta vinapishana sana, usiongeze seli ya pili.