Mikele ni mwanamume: kwa nyinyi mlioanza kaunta ya hoteli msimu huu

Juzi mmoja wenu kamwita mgeni wetu Mwitaliano, mzee wa watu, "Bi. Andrea" mbele ya mkewe. Mzee akacheka, mke akacheka zaidi, nami nikainama chini ya kaunta nikijifanya natafuta funguo. Nawapenda, wadogo zangu, lakini hili tulilisema msimu uliopita, na ule wa kabla yake pia.

1. Andrea, Nicola, Simone na Michele kwa Waitaliano ni majina ya wanaume. Ukisita, angalia pasipoti kabla ya kufungua mdomo.

2. Jina lisome kwa sikio la mwenyewe. Ch yao ni k: Chiara ni Kiara. C ikifuatwa na e au i ndiyo ch yetu, hivyo Francesca ni Francheska. Gianni anaanza na j, basi, hakuna "Gi-ani" hapo.

Hapa ndipo tulipoumia. Kwenye orodha palikuwa na Michele, sisi sote tukamsoma "Mishel", tukamtuma dereva Mombasa akamchukue mama. Dereva kasimama mlangoni pa uwanja wa ndege anaita "Mama Mishel!" hadi koo likakauka. Wakati huohuo simu ikalia kaunta: mwanamume, sauti inapanda, "Mikele! Mikele!" Kijana wa zamu akapitisha kidole kwenye orodha, Mikele hayupo, akamjibu kwa adabu zote kwamba hatuna mgeni wa jina hilo. Kisha dereva naye akapiga: mama hajatokea. Tukamwambia arudi. Simu mbili, mtu mmoja, kaunta ileile, na hakuna aliyeunganisha! Gari likarudi tupu kilomita 120 hivi. Usiku bwana akaingia na teksi, akaweka vaucha mezani, akaweka kidole chini ya jina lake, hakusema neno. Afadhali angetutukana. Nauli ya teksi ilikatwa kwenye sevisi chaji yetu sote, na mpishi, ambaye hakuhusika hata chembe, alitusimanga kwa hilo kila mlo wa mchana hadi masika tulipofunga.

3. Sisi hukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Stefano, Davide na Monica hukazwa mwanzo.

4. Nao watayakosea yenu. H hawaitamki, Hamisi atakuwa Amisi. J huisoma y, kama wanavyosema Yuventus, kwa hiyo Jumwa ataitwa Yumwa. Charo wakimsoma kwenye beji atakuwa Karo. Usinune. Litamke mara moja, taratibu, kisha mpe ufunguo wake.

Kina Kadzo nawajua mateso yenu. Mgeni akisoma beji anabana kicheko, kwa sababu masikioni mwake jina linakaribia tusi zito la kwao. Mameneja wengine huwaambia mtumie jina la ubatizo. Mimi sikubali. Jina la nyanya yako halina kosa. Litaje wewe kwanza, kabla macho yake hayajafika kwenye beji, na hiyo dz uivumishe vizuri isigeuke ts. Akishalisikia kwako, kesho atakuita sawasawa.

Beji mpya zinachapishwa Ijumaa. Yule aliyejiandikisha "Chris" wakati kwao Ganda anaitwa Kitsao, apite ofisini akabadilishe.