Maswali na majibu: kupima uthabiti wa upangaji

Upangaji wa data kwenye programu ya kompyuta ukiitwa thabiti, maana yake nini hasa?

Vitu vyenye ufunguo sawa (ufunguo ni thamani unayopangia, kama umri) vinabaki kwenye mfuatano vilioingia nao. Panga watu kwa jina, kisha uwapange kwa umri: wenye umri mmoja wataendelea kufuatana kwa majina.

Nimejaribu kwa orodha ya namba kumi, jaribio limepita. Inatosha?

Haitoshi. 7 na 7 hazina tofauti, hata zikibadilishana nafasi hutajua. Kila kitu kibebe ufunguo pamoja na namba ya nafasi yake ya mwanzo. Panga kwa ufunguo peke yake, kisha kagua majirani wawili wawili: funguo zikilingana, namba ya aliye kushoto lazima iwe ndogo.

Halafu huo ufupi wa orodha ni hatari kweli. Hadi 2018, injini ya V8 inayoendesha lugha ya programu ya JavaScript ilipanga safu (orodha) zisizozidi vipengele 10 kwa njia ya kuingiza kimoja kimoja, ambayo ni thabiti. Zilizozidi hapo zilikwenda kwa kwiksoti (quicksort), njia nyingine ya kupanga, ambayo si thabiti. Jaribio lako lingepita kila mara, na mtumiaji mwenye orodha ndefu ndiye angeumia. Kiwango cha ECMAScript, yaani kanuni rasmi za JavaScript, kilikuja kulazimisha uthabiti mwaka 2019. Kwa hiyo tumia vitu elfu moja na zaidi, lakini funguo tofauti ziwe tatu au nne tu, sare (vitu vyenye funguo zinazolingana) zijae.

Nimeandika mwenyewe upangaji wa kugawa na kuunganisha, unaosifika kuwa thabiti, lakini jaribio linafeli. Kwa nini?

Angalia kwanza mstari unaolinganisha vipande viwili. Ukiandika «chukua cha kushoto kama kushoto < kulia», penye sare cha kulia kinatangulia. Weka <= badala ya <.

Kupanga kuanzia kikubwa, nikipanga kawaida kisha nikageuza orodha?

Sare nazo zitageuka. Geuza ulinganishaji, orodha iache.

Jaribio la majirani likipita, nimemaliza?

Bado. Algoriti inayorudisha orodha tupu nayo italipita! Hakikisha pia kwamba funguo zimepangika, na kwamba kila namba ya nafasi iliyoingia imetoka mara moja tu. Na kama data unaizalisha kwa bahati nasibu, hifadhi mbegu yake (namba inayoanzisha bahati nasibu hiyo), maana jaribio lililofeli usiloweza kulirudia halikusaidii kulipata kosa.