Upambanaji ulinilaza kitandani, fundi wa Montgomery akanipa akili

Jumatano usiku niliingiwa na ujumbe wa dada mmoja wa Arusha, mwenye saluni maeneo ya Sakina. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake: "Dada, shikamoo. Nina miaka 31, watoto wawili, saluni moja na mikopo miwili. Tumbo linaniwaka moto kila siku saa nane usiku. Nimesikia na wewe uliumwa hivyo hivyo ukapona. Uliponaje?"

Niliusoma mara nne. Saa nane usiku! Hiyo saa naijua kuliko ninavyoijua saa ya chakula cha mchana. Nikaanza kumjibu pale pale, nikaona maneno hayaishi, na najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma mna biashara au mnaitafuta, wote tunataka kufika mahali, na wengi tunaenda na matumbo mabovu, migongo mibovu na tabasamu la kwenye picha.

Kwa wageni, mimi ni fundi cherehani Moshi mjini, mwaka wa 17 huu. Nilianza na cherehani moja ya miguu kwenye baraza ya duka la mtu jirani na Soko Kuu. Leo nina fremu yangu, cherehani sita, ovaloki, na wasichana wanne ninaowafundisha kazi. Nalisema kwa kifua mbele kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Kila sindano iliyomo mle ndani nimeinunua kwa jasho langu.

Miaka minne iliyopita nilipata tenda ya sare za shule moja binafsi, seti 380. Nililia kwa furaha. Malipo ya awali yalikuwa kidogo, hayakutosha hata vitambaa, nikaenda kuchukua mkopo wa kausha damu, ule wa marejesho ya kila wiki. Kwa wiki sita nililala masaa matatu tu kila usiku. Chai ya rangi asubuhi, chai ya rangi mchana, andazi likipatikana. Mgongo ukikaza nameza diklofenaki kutoka duka la dawa la jirani, bila cheti, asubuhi na jioni, na tumboni hamna kitu. Wasichana wakiniambia, "Mama, pumzika kidogo," nawaambia mpambanaji halali.

Siku ya kupeleka mzigo, mhasibu wa shule alivuta sketi moja juu ya lundo, akaigeuza ndani nje, akaiinua mbele ya walinzi na wazazi waliopanga foleni ya ada. "Mama, haya ni mashono au magunia?" Sketi ile naiona mpaka leo. Marinda yamekaa sawa, pindo limenyooka, zipu imelala vizuri. Kilichokuwepo ni uzi mmoja ambao haukukatwa, urefu wa kidole. Uzi mmoja! Sare walizichukua, watoto wakazivaa, na sehemu ya mwisho ya fedha yangu hawajanilipa hadi ninavyoandika hapa. Nikikutana na mtoto amevaa sketi ile stendi, najikuta nahesabu marinda.

Wiki mbili baadaye nikaanza kupata choo cheusi kama lami. Nikajiambia ni maharage. Ndugu zangu, choo cheusi cha namna ile ni dalili ya damu kuvuja tumboni, haisubiri mwisho wa mwezi. Mimi nilisubiri. Nikaanguka asubuhi moja nimeshika pasi ya moto. Kovu liko kwenye mkono wa kushoto.

Hospitali walinipitisha kipimo cha kamera tumboni wakakuta kidonda. Daktari alinieleza kwa utulivu, na mengi sikuwa nayajua. Sisi tunasema vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo. Yeye akasema wachimbaji wakubwa wa vidonda ni wawili: bakteria anayeitwa H. pylori, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki. Mimi nilikuwa nao wote wawili. Mawazo, kukosa usingizi na kushinda njaa vinazidisha maumivu na kuchelewesha kupona. Nikapewa dawa za siku 14 za kumwua yule bakteria na za kupunguza asidi, na diklofenaki nikapigwa marufuku.

Waliokuja kuniona waliniambia neno moja, kama wamekubaliana njiani: "Wewe ni mpambanaji, utapona." Mwingine, mtu wa jumuiya yetu, niliyemshonea gauni la send-off ya binti yake bure kabisa, alitoka wodini akamwambia mwenzake najidekeza. Maneno yalinifikia kabla ya chakula cha jioni. Nimemsamehe kwa mdomo, moyo bado uko njiani.

Aliyenifungua macho ni binti yangu. Alikuwa kidato cha tatu, anajiandaa kwa mdahalo kuhusu wanawake weusi waliofungua njia, akawa ananisomea pembeni ya kitanda. Akafika kwa Rosa Parks wa Marekani. Mimi nilimjua kwa ile hadithi yetu sote: bibi aliyechoka miguu, akakataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Binti akasema, "Hapana mama. Hakuwa bibi, alikuwa na miaka 42. Na alikataa mwenyewe hiyo habari ya miguu. Alisema alichoka kukubali kuonewa." Halafu akanisomea kazi yake. Fundi wa nguo kwenye duka kubwa la Montgomery, Alabama.

Fundi! Nilijiinua na dripu yangu mkononi.

Alikamatwa tarehe 1 Desemba 1955, na watu weusi wa mji ule wakagoma kupanda mabasi siku 381 mpaka sheria ya kuwabagua weusi ndani ya mabasi ikaanguka. Hayo ndiyo yanayosimuliwa. Yasiyosimuliwa ndiyo yaliyonitoa machozi. Kazi ya ufundi aliipoteza. Mume wake, kinyozi, naye kazi ikaisha. Simu za vitisho usiku. Na yule shujaa wa dunia nzima akaugua vidonda vya tumbo, miaka na miaka, akiwa hana fedha ya kutosha ya matibabu. Mwaka 1957 wakahamia Detroit, na huko akarudi kwenye cherehani, anashona kwa kulipwa kwa kipande, sawasawa na wasichana wetu wa vichochoroni. Kazi ya kueleweka, katika ofisi ya mbunge, aliipata mwaka 1965. Hesabu mwenyewe: karibu miaka kumi ya dhiki, wakati jina lake liko kwenye midomo ya watu.

Nikamuuliza binti, "Sasa alifanyaje?" Tukatafuta pamoja. Kuna picha ya mwaka 1973, Rosa Parks akiwa na miaka 60, yuko kwenye zoezi la yoga. Mwanamke yule yule wa kwenye basi! Ananyoosha mwili wake, anavuta pumzi. Hakusubiri dunia imlipe kwanza ndipo auangalie mgongo wake.

Ile picha ilinifanyia kazi ambayo mahubiri mengi hayakunifanyia. Najua wapo watakaosema yoga si mambo yetu, wengine watatia na neno la dini. Sawa. Mimi sikwenda kwenye yoga. Nilitandika mkeka nyuma ya fremu, kati ya magunia ya vipande na ukuta, nikalala chali, miguu nikaipandisha ukutani. Dakika kumi, saa saba mchana, mlango umerudishiwa. Navuta pumzi nahesabu nne, naiachia nahesabu sita. Siku ya kwanza nililia, siku ya pili nikasinzia. Sasa wasichana nao wana mikeka yao, na mteja akija saa hiyo anasubiri kwenye benchi. Wapo waliokwenda kwa fundi mwingine. Waende salama.

Baada ya hospitali nilikaa mwezi mzima kwa mama, Kibosho. Mama yangu si mtu wa maneno. Siku ya tatu alinipa jembe dogo, akasema, "Shika." Tukapalilia mahindi machanga chini ya migomba, yeye mstari wake, mimi wangu, maji ya mfongo, mfereji wetu wa mlimani, yanapita pembeni. Nilikuwa nimemaliza kusoma habari za Wangari Maathai, yule mama wa Kenya wa kupanda miti, nikawa namfikiria pale kihambani, shambani kwa mama. Tunamkumbuka kwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004. Kabla ya hapo ndoa ilivunjika mahakamani watu wakitazama, akafungwa siku kadhaa kwa kumkosoa jaji, na mwaka 1982 akapoteza kazi ya chuo kikuu pamoja na nyumba ya chuo. Mwaka 1999 akapigwa kichwani hadi kutoka damu akitetea msitu wa Karura. Na kila mara mikono ilirudi kwenye udongo. Siku aliposikia ameshinda Nobel, alipanda mti, pale Nyeri, uso kwa uso na Mlima Kenya.

Alianza mwaka 1977 na miche saba katika bustani moja ya Nairobi. Nami nikapanda saba, ya parachichi. Mitano imeshika, miwili ililiwa na mbuzi wa jirani. Kila mwisho wa mwezi napanda kwenda kuiangalia, na mama ananisubiri na jembe lile lile.

Halafu kuna Bibi Titi Mohamed. Huyu ni wa nyumbani, na inaniuma tunavyomjua kwa jina la barabara ya Dar es Salaam basi. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa ngoma, na wanawake aliowaingiza TANU kuanzia mwaka 1955 aliwapata kwenye vikundi vyao vya ngoma, walikokuwa wanaimba na kucheka baada ya kazi za siku. Baadaye alikamatwa kwa kesi ya uhaini mwaka 1969, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka kwa msamaha mwaka 1972. Niliposoma hayo niliwaza wale wanawake wa ngoma. Mimi kwaya nilikuwa nimeiacha miaka mitano, naiita kupoteza muda. Nilirudi. Sauti ya pili, Alhamisi jioni, na simu inabaki dukani.

Nililala kitandani nikakumbuka pia kosa langu mwenyewe. Katika zile wiki sita, msichana wangu mmoja aliunguza kitambaa cha suruali kwa pasi, alama ya pembe tatu katikati ya paja. Nilimtukana mbele ya wateja kwa maneno yale yale ya mhasibu, kabla mhasibu hajanitukana mimi. Akaondoka. Ndugu zangu, hilo lilikuwa linaniamsha saa nane usiku kuliko asidi. Nilichuma isale, jani letu la kuombea msamaha, pale kwa mama, nikapanda nalo hadi kwao Uru, nimelishika kwa mikono miwili. Wachagga wanaelewa: isale likiletwa, halikataliwi. Baba yake alilitazama muda mrefu, akalipokea, akamwita binti. Alitoka jikoni na mikono ya unga. Hatukuongea sana. Jumatatu iliyofuata alikuwa kwenye cherehani yake, ile ya dirishani.

Kwa hiyo mkiniuliza niliponaje, ni dawa za siku 14 nilizomaliza zote, na ni haya. Lala. Kula kwa saa, hata kama ni uji na ndizi, usiende kazini na tumbo tupu. Acha kumeza diklofenaki kama karanga. Pumzika kabla hujalazimishwa. Na tenda isiyokuwa na malipo ya awali ya kutosha, ikatae. Mimi mwaka huu nimekataa mbili, na fremu bado iko wazi. Lala, narudia, maana najua hili ndilo mtakaloliruka.

Wanawake wenzangu, tuache kupeana sifa zinazoua. Mwenzako akikuambia hajalala siku tatu, usimpigie makofi ya mpambanaji; mwulize amekula nini. Tunawabandika mashujaa wetu ukutani wakiwa wamesimama, tunaficha walivyolala na maumivu, halafu binti zetu wanadhani kuumia ndiyo ngazi ya kupandia. Binti yangu hatapanda hiyo ngazi nikiwa hai.

Mdogo wangu wa Sakina, marahaba. Kesho usifungue saluni kabla hujaenda kupima. Waambie wakuangalie H. pylori, uwaeleze dawa zote unazomeza, hata zile za kununua dirishani, na choo kikiwa cheusi usisubiri kukuche. Kuhusu mikopo miwili, njoo na daftari lako tuliangalie pamoja, mimi wa kausha damu nilimalizana nao kwa kuuza cherehani moja na sikufa. Kutoka hapo hadi Moshi kwa Coaster ni saa mbili hazifiki. Jumamosi nafunga saa nane mchana. Ukifika stendi nipigie, nakuja kukupokea, na nyumbani kutakuwa na mtori, nimeupika bila pilipili.